Mama Aliyeogopa Mikono Yake

"Mama, nenda naye."

Damari alikuwa ameinama akitoka kwenye mlango mfupi wa nyumba yao ya tembe, kibuyu cha maji mkononi. Aligeuka akamtazama mkwewe kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Niende naye wapi? Kisimani?"

"Ndiyo, Mama."

"Nibebe maji, nibebe na mtoto, wewe ubaki umekaa?"

"Nitasaga uwele wote," Lea alisema. "Nitafagia zizi. Nenda naye tu, tafadhali."

Mtoto alikuwa amelala juu ya ngozi ya mbuzi karibu na ukuta, na Lea alikuwa amekaa penye ukuta wa pili, magoti kifuani, mikono ameibana katikati ya mapaja. Damari alisonya. Alirudi ndani, akamfunga mjukuu mgongoni, akatoka. Njiani alikutana na wanawake wengine wa kijiji cha Kintinku wakienda mtoni, na hakuwaficha. Aliwaambia kwamba mke wa Philipo amezaa mtoto wa kiume, mzima, mwenye nguvu, kisha anamtazama kama vile ameokota nyoka.

Ilikuwa mwaka ule Waingereza walipomtawaza malkia wao kijana. Watoto wa shule walikuwa wameimbishwa barazani kwa Mtemi, na Lea, mimba ikiwa kubwa, alisimama kuwatazama akacheka pamoja na wenzake. Hakuna aliyekumbuka kumwona akicheka tena baada ya kujifungua.

Hakuwa amemchukia mtoto, ingawa watu walisema hivyo. Jambo lilianzia kisimani. Maji ya Kintinku wakati wa kiangazi huchimbwa kwenye mchanga wa mto, na kadiri kiangazi kinavyoendelea ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini. Lea alikuwa ameinama juu ya shimo, mtoto wake Stefano mgongoni, mara likamjia wazo: *Mwachie.* Halikuwa sauti ya mtu wala ya pepo. Lilikuwa wazo lake mwenyewe, kwa Kigogo chake mwenyewe, na pamoja nalo aliiona mikono yake ikifungua fundo la mbeleko. Alirudi nyuma mbio, akaanguka, akaviacha vibuyu vyake pale pale.

Siku iliyofuata wazo lilimjia akiwa na kisu. Kisha akiwa karibu na moto. Alianza kumnyonyesha mtoto akiwa amefumba macho, na mtoto akishashiba anamrudisha kwa bibi yake haraka, kama mtu anayetua kaa la moto. Alijiambia kwamba kuna mama wa namna moja tu anayeweza kuwaza vile. Na kwa kuwa hakumwambia mtu, hapakuwa na wa kumbishia.

Philipo, mumewe, alikuwa kibarua wa gengi la reli, akiishi kambini upande wa Saranda, na nyumbani alikuja Jumamosi. Kila Jumamosi mama yake alimsubiri nje ya ua ili amwambie kwanza.

"Mkeo hampendi mtoto."

"Mama, amechoka. Ndiye mtoto wake wa kwanza."

"Na mimi nilichoka. Nilikuzaa asubuhi, jioni nikasaga. Mwulize mwenyewe kwa nini hambebi."

Philipo alimwuliza. Lea alisema anaumwa mgongo. Wiki iliyofuata alisema ni kichwa. Philipo alikuwa mtu mpole, asiyependa maneno, na upole wake ulimfanya ashindwe kuuliza mara ya tatu. Alikwenda badala yake kwa mwalimu wa kanisa.

Mwalimu alikuja na wazee wawili wa kanisa na wanawake wa kwaya. Walijaa ndani ya tembe hadi mlangoni. Lea aliketishwa katikati, chini. Waliimba, waliomba, kisha mwalimu akainama karibu na uso wake.

"Binti yangu, kuna jambo unalificha. Kama ni dhambi, itaje. Mungu anajua tayari, anataka kukusikia wewe tu."

Lea aliwatazama watu waliokuwa wamemzunguka. Akaona jinsi walivyokuwa wakingoja.

"Nimechoka tu, mwalimu," alisema.

Mwanamke mmoja nyuma akauliza, kwa sauti ya kusikika, ni nani pale ambaye hajachoka. Watu wakacheka, na mwalimu mwenyewe akashindwa kuzuia tabasamu. Walipoondoka Damari aliwasindikiza akiomba radhi kwa kuwasumbua bure.

Ilipofika siku ya kupima watoto kwenye hospitali ya misheni, Damari na Lea walipanda mlima kwenda Kilimatinde. Damari ndiye aliyembeba Stefano. Njia ile hupanda ukingoni mwa genge, na kuna mahali ambapo ukisimama unaiona nchi yote ya chini, mashamba, mto na reli. Wanawake wengine walipumzika hapo. Lea alipita ameshikilia mwamba wa upande wa pili, akitembea kiubavu, uso kwenye jiwe.

Mkunga aliyepima watoto siku ile aliitwa Magdalena. Alikuwa Mnyiramba kutoka Mkalama, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amefanya kazi pale tangu kabla ya vita. Alimpima Stefano, akasema anaendelea vizuri, kisha akamnyooshea mama yake. Lea akarudi nyuma. Damari akampokea haraka, akasema kwa aibu, "Ndivyo alivyo huyu."

Magdalena alimaliza watoto wengine. Kisha akamwomba Damari ampeleke Stefano kwenye kivuli cha baraza apate uji, na yeye akamchukua Lea nyuma ya wodi, mahali ambapo bandeji zilizofuliwa zilianikwa kwenye kamba. Walikaa kwenye benchi.

"Hulali," Magdalena alisema.

"Nalala kidogo, mama."

"Unaogopa nini?"

Lea alitazama bandeji. "Siogopi kitu."

"Sawa." Magdalena akaanza kukunja bandeji zilizokauka, bila haraka, na akamgawia Lea fungu moja. Walikunja pamoja. Walifikia karibu mwisho wa kamba ndipo Lea aliposema, kwa Kiswahili cha shuleni, kama anayesoma, "Ninaona kwamba nitamwangusha mtoto kisimani."

Mikono ya Magdalena haikusimama. "Wazo linakuja kwa Kiswahili?"

"Hapana. Kwa Kigogo."

"Basi liseme kwa Kigogo. Hivyo hivyo linavyokuja."

"Kigogo unakijua?"

"Kidogo sana. Wewe sema."

Kwa Kiswahili lilikuwa jambo la mbali, kama habari za watu wengine. Kwa Kigogo lilimchoma mdomo. Alisema kisima, alisema kisu, alisema moto, na alipomaliza kanga yake ilikuwa imelowa maziwa yaliyotoka yenyewe.

"Utaniitia polisi?" aliuliza.

"Nikuitie polisi kwa sababu umeogopa?" Magdalena akaweka bandeji kando. "Ukilala ukaota umeiba ng'ombe wa jirani, asubuhi utakwenda barazani kujishtaki?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sijaiba."

"Hujaiba. Nimekaa na wanawake wengi kwenye benchi hili, Lea. Wengine waliniambia maneno kama hayo yako, kila mmoja akidhani yuko peke yake duniani. Walikuwa mama kama mama wengine. Mtu mwenye nia ya kumdhuru mtoto hakosi usingizi kwa kuogopa atamdhuru."

Lea alilia kwa muda mrefu. Hakulia kama alivyokuwa akilia nyumbani, kanga mdomoni asisikike.

Tangu siku ile alipanda Kilimatinde kila wiki. Damari alidhani ni dawa ya mgongo na alikubali kwenda naye, kwa sababu alipenda uji wa hospitali na mazungumzo ya barazani. Magdalena hakuwa na dawa. Alimkalisha Lea sakafuni, mahali ambapo mtoto hawezi kuanguka popote, akamwekea Stefano mapajani, akakaa karibu.

"Wazo limesema nini?"

"Limesema nimbane pua."

"Na mikono yako imefanya nini?"

Lea alitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Imemshika."

"Usilifukuze wazo. Ukilifukuza linarudi na nguvu. Liache liseme, wewe tazama mikono."

Baadaye walifanya hivyo wamesimama. Baadaye karibu na jiko la hospitali. Kuna siku zilizokwenda vizuri, na kuna siku Lea alimrudisha mtoto kabla hajamshika vizuri, akaondoka amekata tamaa, akisema yeye hatapona. Magdalena hakubishana naye. Alisema tu, "Njoo wiki ijayo." Na siku moja, baada ya mvua za kwanza, Lea alishuka mlima Stefano akiwa mgongoni mwake mwenyewe. Alipofika pale ukingoni alisimama kidogo, jasho likimtoka, Damari akimsubiri mbele bila kujua anachokiona. Wazo lilikuja. Lea akalisikiliza, akakaza fundo la mbeleko, akaendelea kushuka.

Magdalena alikuwa amemwonya. "Nyumbani usiseme bado. Mlete mumeo hapa, tumwambie pamoja. Maneno haya yana namna ya kusemwa."

Lakini Jumamosi ile Philipo alifika nyumbani akamkuta mkewe uani, anatwanga, mtoto mgongoni. Alisimama langoni akatazama. Kisha akacheka kwa furaha, akakaa chini kwenye gogo na jembe lake lililovunjika mpini, akaanza kulichongea mpini mpya kwa kisu huku akimtazama.

"Mama Stefano," alisema, "nilikuwa nimeogopa. Sikukuambia."

Ni neno hilo lililomfungua. Lea alifikiri: kumbe hata yeye huogopa. Alikuwa amejifunza kwamba jambo likisemwa hupungua, na hakuona sababu lisipungue hapa, kwenye ua wake mwenyewe, mbele ya mtu aliyempenda kuliko mkunga. Akaweka mchi chini, akakaa karibu naye, akamwambia yote.

Philipo alisikiliza hadi mwisho. Kisu chake kilikuwa kimesimama juu ya mpini.

"Kisima kipi?" aliuliza.

"Kile cha mtoni. Lakini sasa siogopi sana, ndilo ninalokuambia. Mama mkunga anasema ni wazo tu. Linakuja, linapita."

"Linakuja bado?"

Lea angeweza kudanganya. "Linakuja," alisema. "Leo limekuja."

Philipo akaweka kisu chini, akanyoosha mikono. "Nipe nimshike kidogo."

Alimpokea mwanawe, akazunguka naye uani, akaenda naye hadi zizini, akarudi. Hakumrudisha. Jua lilipozama alikuwa bado amemshika, na Lea alipotaka kumnyonyesha, Philipo alikaa karibu sana, mkono wake ukiwa chini ya kichwa cha mtoto.

Kesho yake, baada ya ibada, alimwambia mama yake.

Damari hakupiga kelele. Alikaa kitako chini, akashika kichwa. Alikuwa amezika watoto zaidi ya aliobaki nao, na alijua uzito wa kila mmoja alipokuwa akipelekwa kaburini. "Nimezika wa kutosha," alimwambia Philipo. "Sitakaa nisubiri kumzika na huyu, eti mkunga amesema ni wazo."

Elina, dada yake Philipo, aliitwa na Damari, akaja kwa treni kutoka Itigi. Alikuwa ameolewa huko na mfanyabiashara wa asali, na miaka ilikuwa imepita bila yeye kupata mtoto. Hakukaa hata kunywa maji. Lea alipoona anamfunga Stefano kwa mbeleko mpya, alimshika Philipo mkono.

"Baba Stefano, waambie. Nilikuambia kwa sababu nimepata nafuu."

"Ni kwa muda tu," Philipo alisema bila kumtazama. "Mpaka upone kabisa."

"Nani atasema nimepona?"

Philipo alikwenda na dada yake stesheni, na Damari alibaki mlangoni kumzuia Lea asiwafuate. Haikuhitajika. Lea alikuwa amekaa pale pale ukutani, magoti kifuani.

Maziwa yalimtesa hata akapata homa. Kisha yakakauka. Kisu cha jikoni kikaondolewa, na mboga akawa anakata Damari mwenyewe; Lea alipewa kuchambua tu. Kamba ya ng'ombe ilifichwa darini. Wanawake wa jirani walikuwa wamesikia, maana Damari alihitaji kumwambia mtu, na Lea alipopita waliwaita watoto wao kwa sauti za kawaida kabisa, "Njoo hapa mara moja," kama vile wana kazi ya kuwatuma. Kisimani alipewa nafasi ya mwanzo hata kama amefika mwisho. Hakuna aliyetaka kusimama naye.

Magdalena aliposikia, alishuka mlima kwa miguu. Damari alimpokea kwa heshima, akamwekea kigoda. Philipo alikuwapo, maana ilikuwa Jumamosi.

"Mama Philipo," Magdalena alisema, "nimekuja kumsemea Lea. Ugonjwa wake naujua. Hofu hii huwapata wazazi wengine, na huisha polepole kwa kuzungumza na kwa kumshika mtoto. Mkimwondolea mtoto mnaiambia hofu kwamba ilisema kweli."

"Sasa unajua kwamba hatamdhuru?"

"Naamini hivyo."

"Sijakuuliza unavyoamini, mama. Unajua?"

Magdalena alisita, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo. "Hakuna anayejua kesho ya mtu. Lakini nimewaona wengi."

"Wewe una watoto wangapi?" Damari aliuliza.

Aliuliza bila ukali, kama watu wanavyoulizana. Lea, aliyekuwa pembeni, aliinua uso. Magdalena akatazama mikono yake.

"Sina aliye hai," alisema.

"Pole sana." Damari alisema hivyo kwa moyo wote. "Basi utaniwia radhi. Hili jambo utuachie sisi."

Philipo alikuwa anachora ardhi kwa kijiti. Magdalena alimtazama, akangoja aseme lolote. Kijiti kiliendelea kuchora. Mwishowe mkunga aliaga, akashika njia ya mlimani, na Lea akamsindikiza hadi mwisho wa mashamba.

"Niliambiwa nisiseme," Lea alisema. "Ningenyamaza, mwanangu angekuwa mgongoni."

"Kosa si lako peke yako. Nilikufundisha kusema, sikukufundisha vizuri ni wapi."

Lea aliendelea kupanda Kilimatinde, sasa peke yake. Wazo la zamani lilikuwa limebadilika. Sasa lilimwambia kwamba wamefanya vizuri, kwamba mtoto yuko salama kwa sababu yeye hayupo, na kwamba ingekuwa nafuu kwa wote kama asingekuwapo popote. Siku alipolisema hilo kwenye benchi, Magdalena aliacha kazi, akamshika mkono, hakumwacha aondoke hadi alipomwahidi kurudi. Lea alirudi. Wiki nyingine pia alirudi. Walizungumza mambo yale yale, mara nyingine bila hatua yoyote mbele.

"Mazungumzo haya hayamrudishi Stefano," Lea alisema siku moja.

"Hayamrudishi."

"Basi yanafaa nini?"

Magdalena alifikiri. "Sijui kama yanatosha," alisema. "Ninachojua ni kwamba umefika leo."

Halikuwa jibu. Lea alishuka mlima amekasirika, na usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alilala usingizi mzito.

Kiangazi kingine kiliingia. Philipo hakumfukuza mkewe, lakini Jumamosi zake zikapungua. Watu wa gengi walisema kuna mwanamke Saranda anayempikia. Lea alipomwomba ruhusa ya kwenda kumwona mtoto, Philipo alimtafutia nafasi kwenye treni upesi sana, kwa haya, kama mtu anayelipa deni asilotaka litajwe.

Nyumba ya Elina pale Itigi ilikuwa ya bati, na ukutani kulikuwa na harufu ya nta. Elina alitoka na Stefano kiunoni. Mtoto alikuwa amenenepa, ana meno mbele, amevaa kishati cheupe kilichopigwa pasi.

"Karibu, wifi," Elina alisema. Lakini alisimama pale pale mlangoni.

"Asante, wifi. Hamjambo?"

"Hatujambo. Umemwona? Hajaumwa hata siku moja."

"Nimemwona. Amekua." Lea akanyoosha mikono taratibu. Mtoto alimtazama mwanamke huyu mgeni, midomo ikamtetemeka, akajificha shingoni kwa Elina akalia.

"Hajakuzoea," Elina alisema, na macho yake yakajaa machozi, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na kwa sababu aliogopa. "Wifi, usinichukulie vibaya. Mama amesema nisikupe. Na mimi... mimi siwezi tena kukaa bila yeye. Akikua tutamwambia wewe ni mama yake mdogo."

Lea alisikiliza ndani yake. Wazo halikuja. Alimtazama mwanawe, akangoja, na halikuja kabisa. Kichwa chake kilikuwa kimya kama nyumba isiyo na mtu. Alitaka kumwambia Elina hivyo, lakini aliona wazi kwamba hata hilo, likisemwa hapo, lingesikika kama ugonjwa.

"Mpe uji wa uwele," alisema. "Kwetu wanaupenda." Akaaga.

Stesheni ilikuwa imejaa. Treni ya kwenda Tabora ilikuwa inakaribia kuondoka, na ya Lea, ya kurudi Kintinku, ilikuwa bado. Mwanamke mmoja Mnyaturu, mwenye mizigo ya kuku na madebe ya asali, alikuwa akihangaika kupanda huku mtoto wake mchanga akilia mkononi. Firimbi ilipigwa. Mwanamke akageuka, akamwona Lea aliyekuwa karibu naye kuliko wengine.

"Dada, nishikie huyu," akasema, akamtia mtoto mikononi mwake.

Alirusha kuku, akavuta madebe, akagombana na mtu aliyekuwa mlangoni. Magurudumu yalikuwa futi chache tu mbele ya miguu ya Lea. Alimkumbatia mtoto yule kifuani, akasimama imara, akanusa kichwa chake. Kisha mikono ikatoka dirishani, naye akamwinua juu, akamkabidhi.

"Haya, asante!" mwanamke alisema, tayari akimgeukia mtu mwingine wa kumwomba nafasi.

Treni ikaondoka. Mtoto alikuwa amemkojolea, na kanga ya Lea ilikuwa imelowa kuanzia kifuani hadi tumboni. Alikaa kwenye benchi la stesheni, juani. Hakuikamua. Aliishika pale ilipolowa kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo hadi ilipokauka.